Ngazi za kwa Mamangu

Kwa miaka minne nilizungumza na mamangu kupitia dirishani. Yeye alikuwa ghorofa ya tatu ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, nami nimesimama chini kichochoroni, shingo juu. Kila nikienda, wifi yangu, anayeishi naye, aliteremsha kapu kwa kamba, nikatia matunda na dawa za presha, kapu likapanda. Tukaulizana hali, tukaagana, nikarudi kwangu Ganjoni.

Sababu ilikuwa kifundo cha mguu wangu wa kulia. Nilikivunja kwenye ngazi za nyumba hiyo hiyo, asubuhi ya Idi, nikiteremka na sinia ya biskuti za vileja za kuwagawia majirani. Ngazi ni nyembamba, zimesimama wima, nami nilikuwa na haraka. Nilipasuliwa, nikatiwa vyuma, nikatembea kwa magongo. Baada ya miezi kadhaa daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga vizuri. Nikamshukuru Mungu, nikarudi shuleni kufundisha.

Maumivu hayakwenda. Kila nikiamka, hatua za mwanzo zilikuwa kama kukanyaga kokoto. Kufikia kipindi cha mwisho kifundo kilikuwa kimevimba, nikawa nafundisha nimekaa. Walimu wenzangu waliniambia nizoee, nami nikazoea. Nikatafuta nyumba ya chini, na ngazi za mamangu nikaziacha kabisa. Yeye naye hakuweza kuteremka kwa sababu ya magoti. Nikimwambia nitajaribu kupanda, alinikataza. Alisema ameniona, yatosha.

Siku moja nikaita kama kawaida, akatoa kichwa dirishani, akaniuliza, "Nani wewe?"

Nikamjibu ni mimi. Akacheka, akasema jua limemwingia machoni. Kichochoro kile hakipati jua hata saa sita. Nilirudi nyumbani roho imeniruka, na wiki hiyo hiyo nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja wa kutoka bara, mpole lakini hana masihara.

Aliniambia nitembee mbele yake. Akaniketisha, akauzungusha mguu huku na huku, akanieleza kwamba kiungo kimeganda, misuli imekonda, na kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakanyagia upande wa nje wa wayo ili nisiumie. Gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, nayo imelika kidogo, hilo halina dawa.

"Kuuma kutapungua, lakini sikuahidi kwamba kutaisha," alisema. "Sasa niambie, unautakia kazi gani mguu huu?"

"Nataka kupanda kwa mamangu."

Akauliza ni vidato vingapi. Arobaini na kimoja, nilikuwa nikivihesabu tangu utotoni. Akaviandika kwenye karatasi yangu, juu kabisa.

Kuanzia hapo nilisimama kwa mguu mmoja kila chai ilipokuwa jikoni, mkono kwenye meza. Nilinyanyua visigino kizingitini, kumi, halafu kumi na tano. Nilivuta taulo kwa vidole vya mguu nikisahihisha madaftari. Wiki za kwanza uvimbe ulizidi, nikampigia simu yule mtaalamu kumwambia naacha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nipunguze nusu, nisiache. Nikapunguza nusu. Mwezi wa tatu wa mazoezi nilifundisha vipindi viwili nimesimama.

Mwezi wa tano, Jumamosi, nilifika kichochoroni na sikuita. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja na kamba ya kujishikilia ya ngazini kwa mwingine. Penye kidato nilichoangukia nilisimama, nikaona aibu ya kuogopa jiwe. Nikaweka mguu mbovu juu yake, nikakikanyaga kwa wayo wote. Juu nilifika jasho likinitoka.

Mamangu alikuwa amekaa kitandani. Aligeuza uso kwenye mlango, akauliza kama aliyeingia ni wifi yangu. Nikamkaribia, nikamshika mashavu. Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa, la pili limeanza ukungu. Kumbe alikuwa amemficha hata wifi yangu, akisema ni uzee tu.

"Ningekwambia, ungepanda na mguu ule," alisema. "Sikutaka uanguke tena."

"Nimepanda, mama. Sasa na wewe utateremka."

Alibisha siku kumi. Mwishowe kakangu na majirani wawili walimteremsha kwenye kiti, nami nikitangulia chini, kidato kwa kidato, nikiwaelekeza pa kukanyaga. Mtoto wa jicho alitolewa hospitalini upande mmoja, na baada ya Ramadhani upande wa pili.

Mguu bado unaniuma, zaidi siku za mvua, na mazoezi sijaacha. Jumamosi napanda, nakaa kwenye busati, nanyoosha mguu juu ya mto. Mamangu hunikagua kutoka juu hadi chini, na juzi ameniambia kanga niliyovaa imepauka, nisije nayo tena.