Aliyeshuka Kivukoni Kilifi

Nimechoka kuwalaumu madereva. Kivukoni Kilifi, ambako daraja bado halijajengwa, kanuni ni kwamba abiria tushuke, basi liingie kwenye feri bila mtu. Juzi dereva wetu aliona feri inataka kuondoka, akapiga kelele: "Kaeni humo humo!" Tukakaa. Bibi mmoja mzee tu ndiye aliyeacha kapu lake kitini, akateremka.

"Bibi, utaachwa!" tukamwita.

"Niachwe. Kuogelea sijui."

Basi likaporomoka mteremkoni, breki zikalia, likasimama pua ikigusa mnyororo wa mwisho wa feri. Mbele ni maji.

Bibi aliingia feri hiyo hiyo kwa miguu. Ng'ambo, alipopanda basi tena, alikuta mwanamume kakalia kiti chake, kapu kaliweka chini.

"Mwanangu, hapo pangu."

"Aliyeshuka ameshuka, bibi."

Bibi akasimama hadi Matsangoni. Kwetu, anayeijali roho yake hana kiti.