Ng'ombe Asiye na Nundu

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kumsalimia baba mdogo, nikaandaliwa chai ya maziwa ya unga. Ndiyo, rafiki yangu, ya unga, tena ya kununua dukani, na zizi limejaa ng'ombe mpaka mlango haufungi. Nilikoroga ile chai huku nikimkumbuka Madoa.

Madoa alikuwa ng'ombe wa kisasa wa bibi yangu, mjane aliyetulea pale pale. Mweusi mwenye mabaka meupe, mgongo umenyooka, hana nundu. Alikaa bandani, analetewa kila kitu. Asubuhi mimi nilikata majani ya mabingobingo kule bondeni, nikirudi umande umenilowesha hadi magotini. Bibi alichanganya pumba na mashudu ya pamba kutoka Bunda, harufu yake nzito kama mafuta yaliyochacha, nami niliipenda. Kisha alimwosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, na kile kisauti cha maziwa yakigonga ndoo ndicho kilichotuamsha wote. Walimu waliyachukua, mama lishe waliyachukua. Karo yangu, sabuni, chumvi, sadaka ya Jumapili, vyote vilitoka pale bandani.

Na majirani walicheka! Watu wasio na tone la maziwa ya kumpa mgeni walisimama kwenye uzio wetu kumcheka mwanamke aliyewauzia. Ng'ombe gani analishwa kama mgonjwa? Wao walikuwa na ng'ombe wa kuonekana, mbavu nje, wakishinda juani kutafuta majani yasiyokuwepo. Bibi alikuwa na jibu moja tu, alilisema bila kuinua kichwa kwenye ndoo: "Nundu haikamuliwi."

Baba mdogo alicheka pamoja nao, huku akinywa maziwa yale yale. Kijana mzima, kazi yake kubwa ilikuwa kuegemea fimbo. Halafu akataka kuoa. Wakwe walitaka ng'ombe wengi kuliko tuliokuwa nao, na mwanaume wa kwetu haombi kupunguziwa. Basi akamwangalia Madoa.

"Mama, ukweni hawahesabugi maziwa, wanahesabuga vichwa," alisema. "Huyu ni kichwa kimoja tu."

"Mwanangu, huyu ndiye anamsomesha huyu mtoto."

"Ng'ombe ni wa boma, mama. Mimi ndiye mwanaume wa boma."

Bibi alirudi kwenye ndoo yake. Mjane angesema nini, wazee wote wakiwa upande wa mtoto wake? Siku ya pili alikuja mchuuzi wa mifugo kutoka Kabasa na ng'ombe watatu wa kienyeji, wamekonda, nundu zimelalia upande. Watatu kwa mmoja! Baba mdogo alipeana naye mkono akijiona mjanja wa wilaya nzima. Mchuuzi aliondoka haraka, kwa sababu mwerevu hamsubiri mjinga azinduke. Wazee wakamsifu baba mdogo kwamba sasa amekuwa mtu. Mpaka leo nikikumbuka zile sifa natamani kutema mate.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bibi bandani na maji yake ya uvuguvugu, amekaa kwenye kigoda. Aliniambia nikakate majani. Nikaenda nikakata, nikayaleta, tukayatazama. Shule ilipofunguliwa sikwenda. Nilikaa nyumbani mpaka shangazi yangu anayekaa Iringo, pale Musoma, aliponichukua, na bibi akabaki akinywa chai ya rangi kwa mwanawe mwenye vichwa.

Sasa baba mdogo ameshika kikombe cha maziwa ya unga, ananilalamikia.

"Haya maziwa hayanaga ladha kabisa. Wewe uko mjini, unajuana na watu. Nitafutie ng'ombe wa kisasa. Hata mmoja tu."

"Kichwa kimoja tu, baba mdogo?"

Alitazama zizi lake, akatazama kikombe. Mkewe, yule aliyeolewa kwa Madoa, alicheka hadi akaficha uso kwenye kanga. Mimi sikucheka. Nilimdharau mzee yule kwa moyo wangu wote, na sijui kama nitaacha.

Kabla ya kuondoka nilipita nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la bibi. Banda halipo, nguzo zake zilifanywa kuni za kupikia pombe ya harusi ile ile. Kule bondeni mabingobingo bado yanaota, marefu kunipita, na hakuna anayeyakata.