Gitaa la Mama Kwenye Mavuno ya Mikumi

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa wambea: nilichukua msasa wa seremala jirani yetu nikasugua gitaa la mama, na kesho yake nikapigiwa vigelegele kanisani kwa ukarimu ambao sina.

Mama ndiye kiongozi wa kwaya yetu hapa Kilosa, na gitaa ni lake tangu hajaolewa. Wiki ile jembe lilimkata kidole akipalilia mboga, akanikabidhi mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nipige kwenye ibada ya mavuno Mikumi. "Ukipiga vizuri, Festo, gitaa ni lako," akasema. Sasa jamani, lile gitaa lilikuwa na nyuzi nene kama kamba za kuanikia nguo, tena zimenyanyuka juu ya shingo kiasi kwamba panya angepita chini bila kuinama, na kila nikibonyeza vidole vinawaka moto (mama ana sugu kwenye ncha za vidole, yeye hasikii kitu).

Jumamosi nikavua nyuzi nene, nikafunga nyembamba nilizonunua sokoni, vidole vikashukuru. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona bado ziko juu, nikachomoa kile kijipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kule chini, nikakisugua kwa msasa, nikakirudisha, zikashuka, raha, nikakichomoa tena, nikasugua tena, nikatoka nje, nikarudi, nikasugua tena, mpaka mfupa ukabaki kidogo kama ukucha. Nikabonyeza bila kupiga, maana mama alikuwa uani na masikio yake nayajua. Laini kama uji wa mgonjwa!

Jumapili tukiwa kwenye Kosta, tulipofika Ulaya (Ulaya yetu hii, siyo ile ya kupanda ndege) uvumilivu ukanishinda, nikapiga mara moja kwa siri. Zzzzzz! Nyuzi zimelala mno zinagonga vyuma vya shingoni, na wembamba wake unazifanya zicheze zaidi, yaani nyuki ndani ya debe.

"Simu ya nani hiyo inatetemeka?" akauliza dada mmoja wa sauti ya kwanza.

"Ya dereva," nikasema.

Kuanzia pale sikukaa, nilikuwa kama nimekalia siafu. Tulivyoshuka Mikumi nikakimbilia kanisani, na pale mbele kulikuwa na rundo la mavuno: magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Nikalisukuma gitaa nyuma ya magunia, nikarudi kwa mama nikihema.

"Mama, nimelisahau kwenye gari, na dereva kaenda kutafuta mafuta."

Akaniangalia. "Basi tutaimba kwa makofi."

Tukaimba kwa makofi. Ilikuwa kama chai bila sukari, lakini mimi nikapumua, kumbe napumua mapema. Kwa desturi, kilichowekwa mbele siku ya mavuno ni sadaka, hakirudi kwa mwenyewe, kinapigwa mnada baada ya ibada. Hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua! Ila akili yangu ilikuwa imesuguliwa pamoja na ule mfupa.

Mzee wa kanisa akanadi kuku, akanadi ndizi, akainama nyuma ya magunia, akainuka na gitaa la mama.

"Wapendwa! Nani kamtolea Bwana gitaa?"

Mama akageuza shingo kunielekea, taratibu sana. Nikasimama.

"Ni la kwetu, mzee, lakini..."

Vigelegele vikaimeza ile "lakini". Mchungaji akanivuta mbele, akanishika bega. "Mnamwona kijana huyu? Katoa kitu anachokipenda!" Kina mama wakanipepea kwa kanga. Jamani, sijawahi kusifiwa vile, na sijawahi kutamani hivyo kuwa kuku.

Mnadani akalipata fundi viatu mmoja wa palepale. Akalipiga: zzzzz. Akacheka hadi akakohoa.

"Nani kazilaza nyuzi hivi?"

Akaazima kisu cha ndizi, akakata ncha ya mkanda wa suruali yake, akaiweka chini ya ule mfupa, nyuzi zikanyanyuka.

"Nyuzi nyembamba siyo kosa," akasema, "zinawafaa wenye vidole laini. Ila ziachieni nafasi ya kucheza."

Akapiga, likalia safi kama maji. Mama akasimama, akainua kidole chake chenye bandeji, kwaya ikaimba upya, na safari hii watu wakaruka. Mimi nikapiga makofi. Yaani ugonjwa wangu wote ulihitaji ngozi ya urefu wa kidole, na mdomo wa kusema "Mama, nimeharibu." Msasa? Hata wa kusugulia sufuria nimeuacha.

Kurudi, mama akakaa kando yangu, mimi nageukageuka kwenye kiti. Tulipofika Ulaya akachukua mkono wangu, akaufungua, akabonyeza ncha za vidole, kimoja kimoja.

"Laini kweli," akasema. "Basi, Festo, jembe ndilo lako."