Ng'ombe Mwenye Mabawa

Aliporudi mtaani kwetu Murara baada ya miaka mingi, rafiki yetu hakuomba unga wala nguo. Aliomba kucheza karata.

Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wa mawe ya volkano nyuma ya nyumba ya pasta, kama kila Jumapili baada ya ibada: wanaume watatu wenye ndevu na mabishano ya watoto. Kulikuwa na mwana wa pasta, ambaye sasa anatengeneza simu kando ya barabara. Kulikuwa na mwenzetu wa pikipiki, anayebeba abiria wiki nzima na kusimulia habari zao Jumapili. Na mimi, mwenye diploma ya sheria ndani ya bahasha, na kazi isiyoonekana upande wowote.

Yeye alikuja akiwa amejifunga kitenge vizuri, watoto wake amewaacha kwa shangazi yake. Alitusalimu mmoja mmoja, kisha akaona karata zilizopangwa juu ya jiwe.

"Kumbe mungali munacheza hii? Haya, munipe nafasi."

"Uko na karata?" mwana wa pasta akamuuliza.

"Zangu si ziliungua na nyumba ya shangazi? Unajua vizuri."

"Basi pole, mama. Bila karata za kwanza, hakuna kucheza. Sheria ni sheria."

Alisema hivyo huku akinitazama mimi, kwa sababu tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi. Walinichagua kwa kuwa sikuweza kudanganya. Uso wangu ulikuwa unasema kila kitu kabla ya mdomo, na katika mchezo wetu huo ni ulemavu.

Lazima nieleze mchezo wenyewe, maana hakuna mahali pengine duniani unapochezwa hivyo. Tulipokuwa wadogo, mama mmoja wa mtaani aliyeuza nguo kuukuu sokoni alifungua balo, lile furushi la mitumba, na kukuta koti la mtoto wa Ulaya, na ndani ya mifuko yake karata nyingi za wanyama wa ajabu: simba mwenye mikia miwili, samaki mwenye miguu, kobe anayetoa moshi. Maandishi yake hatukuyajua. Tulichokijua ni namba zilizokuwa kwenye pembe ya chini. Tukakata shauri kwamba namba ndiyo nguvu. Kubwa kuliko zote ilikuwa mia moja na kumi na mbili, au kama tulivyohesabu shuleni, cent douze. Ilikuwa ng'ombe mwenye mabawa, naye alikuwa mmoja tu.

Kila karata tuliishonea shati: tuliifunika kwa nailoni nyeusi mgongoni na kuziba kingo kwa moto wa mshumaa, ili mtu asiitambue kwa kuangalia nyuma. Mchezo ulikuwa huu. Mmoja anaweka karata yake wazi. Mwingine anaweka yake kifudifudi na kutaja namba kubwa zaidi, ya kweli au ya uongo. Wa kwanza akimwamini, anampa ile karata aliyoiweka wazi, na iliyofichwa inarudi mfukoni bila kuonyeshwa. Asipoamini, anasema "Fungua!" Ukikutwa umedanganya, unapoteza karata yako na unakaa pembeni. Ukikutwa na kweli, aliyekutilia shaka anakulipa karata tatu.

Sasa mtu anaweza kuniuliza kama ndivyo watengenezaji walivyotaka. Nilipokuwa chuo kikuu nilitafuta kwenye intaneti, nikajuta. Zile namba si nguvu hata kidogo. Ni namba za mpangilio tu, kama namba za nyumba. Ng'ombe wetu mwenye mabawa ni mnyama dhaifu ambaye kwao hakuna mtoto anayemtaka. Sikulala vizuri siku hizo. Nilipowaambia wenzangu, mwenye pikipiki alicheka mpaka akashika tumbo.

"Huko ni kwao," alisema. "Hapa Murara, ule ng'ombe amekula watu."

Na kweli alikuwa amewala, kwa sababu mwenye ng'ombe alikuwa yeye, msichana wa Kiwanja. Wazazi wake walikuwa wamemtuma kwa shangazi yake Murara wakati vita vilipoishika Rutshuru, upande wa kwao, akasoma nasi, na ndani ya muda mfupi akatunyang'anya karata hadi tukaanza kumkwepa. Alikuwa anadanganya huku anatafuna muwa. Siku waasi walipoingia mjini, na risasi zilipokuwa zinapita upande wa uwanja wa ndege, tulilala familia nne kwenye korido ya nyumba ya pasta, mbali na madirisha. Watu wazima waliomba. Sisi tulicheza kwa kunong'ona. Nakumbuka sauti yake gizani, "Cent douze," na mwana wa pasta akinong'ona "Fungua," halafu akalia kimyakimya, si kwa sababu ya mabomu.

Baadaye alirudi Kiwanja, akaolewa, akafungua biashara ya maharagwe. Karata zake aliziacha kwa shangazi, ndani ya kopo la maziwa, akisema atazichukua. Kisha mlima ukatoa moto. Mimi nilitoka usiku ule na karata zangu kifuani na mama yangu akiwa na sufuria, akinitukana njia nzima kuelekea Sake kwamba nimeacha blanketi. Nyumba ya shangazi ilikuwa upande lava ilikopita. Lava haikuacha hata bati.

Na sasa vita vilikuwa vimerudi Rutshuru, naye alikuwa amekimbia tena, mara hii na watoto. Shangazi yake alikuwa amepanga chumba kimoja tu, kwa hiyo alikuwa anaishi kwenye kambi upande wa Mugunga, chini ya hema, na Jumapili alikuja Murara kusali.

"Zipo karata mpya," mwenye pikipiki alijaribu kumtetea. "Pale kwenye maduka. Anunue."

Mwana wa pasta alimtazama kama mtu aliyetukana kanisa. Karata mpya zinang'aa kama karatasi ya peremende, kila moja ina namba za maelfu, na mtoto yeyote mwenye pesa kidogo anakuwa mfalme asubuhi na maskini jioni. Hazina shati. Hakuna anayejua jina la karata ya mwenzake. Hapo, kusema kweli, nilikubaliana naye. Za kwanza tulizijua kama tunavyojua majirani.

"Basi tumwazime," nikasema.

Mwana wa pasta akakataa. "Karata haiazimwi, haitolewi zawadi. Inashindaniwa tu. Ni weye mwenyewe ulikata hiyo kesi, wakati wadogo zangu walipigana."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na hukumu yangu ilikuwa nzuri mno.

Rafiki yetu alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Kisha akacheka kidogo, lakini si kile kicheko tulichokijua.

"Munajua, kule kambini kila mutu ananionea huruma. Asubuhi huruma, magaribi huruma. Hapa ndiyo watu walikuwaka wananiogopa." Akafunga kitenge chake upya. "Munipe mara moja tu. Karata moja. Nikikamatwa, sitawaomba tena, nitakuwa nakuja kusali na kurudi. Nikishinda, niko ndani."

"Karata moja utaitoa wapi?" mwana wa pasta akauliza.

"Hiyo ni kazi yangu. Jumapili ijayo."

Wiki ile nilifikiri mpaka nikaumwa kichwa. Nilifikiria kuangusha karata yangu njiani kwa bahati mbaya. Nilifikiria kubadilisha sheria, lakini nani ana mamlaka ya kubadilisha sheria ambayo aliitunga akiwa na miaka kumi? Nilifikiria kwamba akikosa nafasi hatarudi, na asiporudi tutakuwa tumemfukuza sisi, watu wa mwisho mjini ambao hawakumfukuza. Mama aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ninafikiri. Akasema ndiyo, huo ndio ugonjwa.

Jumapili alikuja. Alikaa kwenye ukuta, mimi nikakaa upande wake kama mwamuzi, mwana wa pasta mbele yetu. Mwenye pikipiki alisimama nyuma ya mwana wa pasta na kuanza kutangaza kama mpira: "Wasikilizaji wapendwa, tuko uwanjani Murara..."

"Nyamaza, weye," mwana wa pasta akasema. Akaweka karata yake wazi. Ilikuwa simba mwenye mikia miwili, quatre-vingt-dix-huit, yaani tisini na nane, ya thamani kuliko zote alizokuwa nazo. Nadhani alitaka kumwonyesha kwamba hamdharau.

Yeye akaingiza mkono ndani ya kitenge na kutoa karata yenye shati. Nailoni nyeusi, kingo zimezibwa kwa moto, safi, kazi ya mkono wake ule ule wa zamani. Alipoigeuza kuilaza juu ya jiwe, ikapita mbele ya macho yangu kwa upande wa uso.

Haikuwa na mnyama. Ilikuwa jeton ya kambi, kile kikaratasi kigumu wanachotoboa siku ya kugawa chakula. Niliona namba ya hema na matundu mawili.

"Cent douze," akasema.

Mwenye pikipiki akaacha kutangaza.

Nikaanza kufikiri, maana sijui kufanya kitu kingine. Je, sheria inasema lazima iwe karata? Sheria inasema weka kifudifudi, taja namba. Kutaja uongo kunaruhusiwa. Ndiyo mchezo wenyewe. Lakini jeton ni karata? Na akiambiwa afungue, si karata tu itakayoonekana, ni hema, ni foleni ya unga, ni huruma yote ile aliyoikimbia, hapa juu ya jiwe letu. Na mwamuzi ambaye ameona, anapaswa kusema? Mwamuzi husema pale tu anapoulizwa. Nikaomba Mungu nisiulizwe.

"Cent douze iliungua," mwana wa pasta akasema polepole.

"Ni nani alikuambia?"

"Weye mwenyewe! Jumapili iliyopita! 'Zangu ziliungua.'"

"Nilisema zangu. Nilisema zote?" Akachukua kipande cha muwa kutoka kwenye mfuko wake, akakimenya kwa meno. "Weye fungua tu, kama uko mwanaume. Tatu. Nitachukua simba, na samaki, na ya tatu nitachagua."

Mwana wa pasta akafuta jasho. Alimtazama, yeye alikuwa anatafuna. Kisha akafanya kile nilichokiogopa. Akageuka kunitazama mimi.

Alinitazama muda mrefu, akitafuta. Mimi nilitazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu, kwa hiyo nilikuwa natazama wingu. Nilijua uso wangu umejaa hofu. Nilihisi jasho, nilihisi kope zinacheza.

"Huyu ananitisha," mwana wa pasta akasema.

"Nani, huyu?" mwenye pikipiki akajibu. "Muache. Hata akinunua mukate anakuwaka na huu uso. Jana nilimubeba mpaka Birere, alinishika kiunoni kama tunaanguka, na tulikuwa tumesimama."

Mwana wa pasta akashindwa kunisoma. Nilikuwa mtu wa wasiwasi kwa muda mrefu kiasi kwamba uso wangu haukuwa na habari mpya ya kutoa. Kwa mara ya kwanza maishani ugonjwa wangu ulimfaa mtu.

"Katika korido," mwana wa pasta akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "nilisema fungua."

"Ulisema," yeye akakubali.

"Na ilikuwa yenyewe."

"Ilikuwa yenyewe."

Akasukuma simba kwa kidole kimoja mpaka upande wake.

"Naamini."

Yeye alichukua simba, na ile yenye shati jeusi akairudisha ndani ya kitenge bila haraka, kama sheria inavyotaka. Mwenye pikipiki alipiga mbinja hadi mama pasta akachungulia dirishani kuuliza kama kuna habari ya vita.

"Hapana, mama," mwana wa pasta akamjibu. "Ni huyu mwanamuke wa Kiwanja, amerudi."

Nilisubiri jicho lake, ishara ndogo ya asante, kwa sababu alijua nimeona. Hakunipa. Alisogea kwenye ukuta, akamlaza simba mwenye mikia miwili wazi juu ya jiwe, akanigeukia.

"Haya, muamuzi, ni zamu yako. Weka."

Nilikuwa na kobe anayetoa moshi, soixante-quatre, sitini na nne tu. Nikamlaza kifudifudi na kusema cent cinq, mia moja na tano, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Fungua!"