Mwalimu Zamda na Mchezo wa Maembe

Watu wa Gongoni walimsema sana Mwalimu Zamda, nami nilikuwa mmoja wao. Nilipika uji pale chekechea kwa miaka sita, na kila siku nilimwona amekaa mchangani na watoto, gauni limechafuka, anacheza. Mimi nililelewa na masista. Nilijua mtoto hufundishwa akiwa ametulia, mikono kifuani.

Mwaka 1982 kaka yake, Shomari, alimletea kutoka Maskati kimchezo cha betri kinachoenea kiganjani. Kwenye kioo chake alikuwamo mtu mwenye kikapu. Ukibonyeza kitufe anakimbia kudaka maembe yanayoanguka mtini. Kila embe likidakwa, namba inaongezeka kwenye pembe ya kulia. Mwingine angekifungia kabatini wageni wakione. Zamda alikileta darasani, kila mtoto kwa zamu yake.

Aliyekipenda kuliko wote ni Leonia, binti wa Imakulata, muuza maandazi. Alikuwa na miaka mitano na hajawahi kusema neno. Baba yake alishakata shauri: mvua zikiisha apelekwe Ziba kwa bibi yake akachunge ndama, maana shule si ya bubu. Zamda alimwomba Imakulata amwachie mtoto hadi siku ya safari.

"Mtazame, mama," alimwambia. "Wenzake wanamwangalia mtu wa kikapu. Huyu anaangalia namba."

Mimi nilicheka. Leo naona haya kusimulia.

Mwaka uliofuata ukaja msako wa wahujumu uchumi, walioficha na kulangua bidhaa, na mji mzima ukaingiwa na kiwewe. Waliokuwa na miche minne ya sabuni waliitupa kisimani. Jirani yetu Mabruki alizika redio yake mwenyewe, aliyoinunua kwa jasho lake. Bi Swaumu, mama yake Zamda, akasikia kwamba kitu chochote cha ng'ambo kisicho na risiti ni jela. Zamda alipokwenda sokoni, mama alikifunga kile kimchezo kwenye kitambaa, akakitumbukiza chooni.

"Nimekuokoa, mwanangu," alimwambia aliporudi.

Zamda hakumgombeza. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuja jikoni kwangu asubuhi yake, akakaa kwenye kinu, akalia kama aliyefiwa. Zilikuwa zimebaki siku nne Leonia apelekwe Ziba.

Siku tatu mtoto alikuja, akapapasa mfuko wa mwalimu, akakosa, akaenda kujikunyata ukutani. Uji hakuugusa. Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma.

Siku ya nne Zamda alichora mchangani umbo kubwa la pembe nne, mithili ya kile kioo. Kisha akapanda juu ya meza, mwanamke wa miaka arobaini mwenye mwili wake, akaanza kurusha magunzi ya mahindi. Watoto wakakimbia na vikapu kuyadaka, wakipiga kelele. Leonia hakukimbia. Alizunguka mchoro polepole, akaenda kusimama peke yake kwenye pembe ya kulia. Nikasema moyoni, huyu basi tena.

Imakulata akaingia, furushi kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimemfuata mtoto. Gari linaondoka saa nne."

"Marahaba, mama. Nimalizie magunzi haya."

Akarusha. Likadakwa.

"Kumi na saba," ilisema sauti nisiyoijua, yenye mikwaruzo.

Mwiko ulinitoka mkononi. Leonia alikuwa amesimama pale pale pembeni, mahali pa namba. Kumbe alikuwa akihesabu kimoyomoyo tangu gunzi la kwanza.

Zamda akarusha jingine.

"Kumi na nane."

Gunzi lililofuata Zamda alilirusha ovyo, likaanguka chini bila kudakwa na mtu. Leonia akanyamaza, kama namba ilivyofanya siku zote embe lilipokosewa.

Imakulata alishusha furushi, akalikalia.

"Rusha tena, Mwalimu," alisema. "Rusha vizuri."