Mchumba Aliyetaka Kushonewa Mwilini

Ulikuwa ule mwaka sisi watu wa Kitale tulikula ugali wa muhogo. Sisi! Tunaolima mahindi ya kulisha nchi nzima, tukasongewa muhogo kama adhabu, kwa sababu maghala yalichomwa kwenye vita vya kura na mahindi machache yaliyobaki yalifichwa na wenye matumbo makubwa. Mpaka mahindi mabichi yalipotoka mwezi wa nane ndipo watu walianza kucheka tena. Kwa hivyo usiniambie nimesahau mwaka. Tumbo langu linaukumbuka.

Wala usiniambie nilikuwa naota. Najua mnavyopenda hadithi zenu: ati usiku wa manane, ati paka mweusi, ati mwanamke mrembo mwenye kwato. Upuuzi mtupu. Haya yangu yalitokea saa nane mchana, jua likiwaka, kwenye veranda ya duka la vitambaa la Kalasinga mmoja hapo mjini Kitale, ambapo cherehani yangu ilikuwa imekaa miaka mingi kuliko baadhi ya majengo. Watu walikuwa wanapita. Wengine walinisalimia kwa jina.

Mjukuu wangu Naliaka nilimlea mwenyewe. Mama yake alimwacha bado ananyonya, na mimi nikamkuza kwa hiyo cherehani: pindo za suruali, zipu za wanafunzi, mapazia ya walimu. Alipokua akawa anasuka nywele saluni ya jirani. Msichana mrembo, na anajua. Wiki hiyo akanijia mbio.

"Kukhu, nimepata mtu!" Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. "Ametoka majuu. Jumamosi anakuja na watu wake kwetu Misikhu, halafu tunaenda na yeye."

"Mnaenda wapi?"

"Majuu, Kukhu!" Utadhani ameniambia sokoni.

Alhamisi akamleta. Kijana mrefu, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, tabasamu haliondoki. Akasema, "Hai, grani," kupitia puani.

"Mimi si grani," nikamwambia. "Mimi ni Kukhu wa huyu msichana, na wewe bado sijakujua. Keti."

"Niko sawa tu."

Hakuketi. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi, buluu iliyokaribia weusi, ngumu kama turubai, akitembea inasema kwaru, kwaru. Miguu ya suruali ilikuwa mirefu mno, ameikunja mara tatu na bado imemwagikia viatu. Kumbe ndiyo iliyomleta. Na hakuuliza hata nimeamka aje. Alianza kunisimulia suruali!

Ati huko majuu kuna watu wazima, wenye akili zao, ambao shughuli yao ni kutafuta jinzi mbichi. Mbichi! Kama maziwa. Ati yeye alizunguka mji mzima kwa treni, duka baada ya duka, mpaka akapata moja chini ya ngazi, muuzaji haongei, anakupa tu kitambaa ukipapase. Kimefumwa kwa mitambo ya zamani, kimetiwa nili, hakijafuliwa. Na ukishanunua usikifue mwaka mzima, ili kichukue umbo lako.

"Mwaka mzima?" nikamuuliza.

"Hata miwili."

"Na chooni unaenda nayo?"

"Kukhu!" Naliaka akajifunika uso.

Lakini yeye hakuona haya. Akaendelea. Ati suruali hizo huuzwa urefu mmoja tu, wa majitu, kwa hivyo ukinunua ni lazima utafute fundi. Na fundi anayesifiwa kule ni mwenye cherehani kuukuu, watu wanampangia foleni kwa sababu ya ukuukuu wake. Hapo nilicheka mpaka Kalasinga akatoa kichwa dukani. Cherehani kuukuu! Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa majuu na hakuna aliyeniambia.

"Na huyo fundi mbona hakukushonea?"

"Nilienda kwa watatu. Walikataa wote."

"Kwa nini?"

Akatabasamu tu. Ningepaswa kumwuliza tena. Sikumwuliza, na hilo ndilo kosa langu mimi katika haya mambo. Mengine yote ni ya watu wengine.

Kalasinga alitoka, akaushika ule upindo kwa vidole viwili, akausugua. Mzee yule alikuwa anajua kitambaa kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. "Mama, hii kitu haijaona maji," akasema. "Wewe kata leo, yeye fua kesho, itapanda mpaka hapa." Akagusa muundi wake, akarudi dukani.

Ndivyo ilivyo. Kwa hivyo nikamwambia yule kijana, kwa upole wangu wote, na si mwingi: "Ingia nyuma ya pazia. Naliaka atakupa leso ujifunge. Hiyo suruali niiloweke kwenye hii ndoo, ikauke, ndipo nikate. Jumamosi utakuwa nayo."

"Siwezi kuivua. Nishonee hivi hivi, nikiwa nimesimama. Ni pindo tu."

Nikamwambia, "Vua, uniletee mkononi. Mwilini sishoni."

Huo haukuwa ukaidi. Ni kitu cha kwanza nilichofundishwa na mama aliyenifundisha ushonaji kule Webuye, kabla hata ya kuniruhusu nishike mkasi. Mtu anayeshonewa nguo ikiwa mwilini ni maiti peke yake. Aliye hai anavua, anangoja, anavaa. Kila fundi wa kwetu anajua, hata wale wabovu.

Nikaona nimuulize lile ambalo ningepaswa kuanza nalo. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akataja baba yake. Akasema kwao ni Naitiri, akasema jina lake ni Simiyu. Na mimi nikaichomeka sindano kwenye mto wa pini. Boma hilo nalijua. Nilikaa matanga hapo.

Sikia nikueleze. Boma hilo lilikuwa na kijana aliyeenda majuu, akanyamaza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, kimya. Basi kaka yake mkubwa akaamka asubuhi moja akatangaza amekufa. Barua hakuwa nayo, simu hakupigiwa. Alichokuwa nacho ni shamba la kugawa, na fungu la aliye mbali lilikuwa linamsumbua macho. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili apumzike. Ni jambo la heshima, likifanywa kwa ukweli. Wao wakakata mgomba, wakaufunga shuka, wakaulaza kwenye sanduku, wakaupa jina lote la kijana, la ubatizo na la ukoo. Pasta akauombea mgomba. Wanawake wakaulilia, wakagaragara. Mimi nilikunywa chai, nikarudi nyumbani.

"Si wewe ulizikwa?" nikamuuliza, hapo hapo, mbele ya mchumba wake.

Akacheka. "Walizika mgomba, Kukhu. Mimi niko hapa."

Naliaka akacheka. Na mimi, nitasema ukweli, nikacheka. Nilimcheka yule kaka yake. Nilimwona anavyohesabu hatua za shamba huku jasho likimtoka, mwenye fungu lake amerudi na suruali ya majuu. Furaha hiyo ikanilainisha. Nikasema, haya, kushona sishoni, lakini kutia pini za alama si kushona. Nikapiga magoti, nikaikunjua miguu ya suruali, nikapima, nikachomeka pini ya kwanza.

Fundi anajua mahali nguo inaishia na mtu anaanzia. Mtu ukimgusa na pini anaruka, anakutukana, anakuita mchawi. Huyu alikuwa anamwambia Naliaka habari za ndege. Na pini ilikuwa inaingia. Ilipita kitambaa ikaendelea, taratibu, kama inaingia kwenye sabuni iliyolowa, mpaka kichwa kikagusa jinzi. Baridi ikanipanda kwenye vidole.

Nikaivuta. Ikatoka na uzi mrefu, mwembamba, unang'aa, unanata. Nikaunusa. Wewe uliyewahi kukata ndizi unaijua hiyo harufu, na unajua ule utomvu ukikuangukia kwenye nguo ndiyo basi, hautoki mpaka nguo ioze.

Nikainua suruali kidogo tu. Hapakuwa na soksi. Hapakuwa na kifundo cha mguu. Kulikuwa na maganda meupe, mabichi, yamekumbatiana moja juu ya lingine, yakishuka mpaka ndani ya viatu.

Niliogopa? Sana. Lakini niamini, hasira ilitangulia. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, na alipoongea hakuongea kwa pua tena. Aliongea Kibukusu cha wazee, kwa sauti ya chini, ili Naliaka asisikie.

"Walinipa jina wakanifunga vibaya, mama. Nafunguka. Wewe ni mtu wa kwao msichana. Ukinishona hapo chini, nitakaa. Jumamosi nitasimama mbele ya watu, nimchukue twende."

"Twende" wapi, mtu kama huyo? Majuu hayakuwa juu, hilo nililielewa bila kuambiwa. Nikamwambia, kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Vua, uniletee mkononi. Mwilini sishoni."

"Kukhu bana!" Naliaka alikuwa ameanza kulia. "Jumamosi si ni kesho kutwa? Pindo moja! Unaniaibisha."

"Inama hapa uone."

"Nione nini? Naona wivu wako tu! Unataka nizeeke hapa na wewe, kwenye veranda ya Mhindi, nikiokota vipande vya uzi!"

Maneno hayo bado ninayo, mahali fulani chini ya mbavu. Kabla sijajibu akachomoa sindano kwenye mto wangu wa pini, akatia uzi mara moja tu, macho ya ujana, akapiga magoti mbele ya kile kitu. Hakutazama ndani. Aliukunja upindo, akaushika. Na kile kitu kikamtabasamia kutoka juu, mdomo umepanuka kuliko mdomo unavyotakiwa kupanuka.

Ndoo ya kulowekea ilikuwa imejaa. Nikaiinua, mimi mwenye mgongo mbovu, nikammwagia yote kuanzia kiunoni.

Jinzi ambayo haijawahi kuonja maji hutoa rangi. Nili ikamwagika veranda nzima, buluu, ikaingia dukani, Kalasinga akawa anapiga kelele na kuinua majora yake. Na ndani ya ile buluu kulikuwa na povu jeupe linalonata. Kisha nikaisikia suruali yenyewe ikijikaza, ikilia kama kamba inayosokotwa. Yeye hakulia. Aligeuka. Akashuka ngazi kwa miguu miwili pamoja, tup, tup, magoti hayakunjiki. Hapo ndipo nikajua kwa nini alikataa kiti.

Naliaka alimkimbilia. Niliwaona wakivuka barabara, watu wanampisha na kumwambia pole kwa kulowa, wapumbavu. Naliaka akamshika mkono kumvuta. Kisha yule kijana akapotea nyuma ya wauza viazi, na mjukuu wangu akarudi polepole, ameshika ganda la mgomba, bichi, urefu wa mkono wa mtu.

Jumamosi tulipanga viti Misikhu. Naliaka alitaka. Hakuna aliyekuja. Jumatatu nikaenda Naitiri, nikamkuta yule kaka. Nikamwuliza habari ya kaburi. Akasema lilititia majuzi, ni fuko amelichimba.

"Fuko mwenye kimo gani?" nikamuuliza.

Alikuwa na aibu kidogo iliyobaki, akaleta jembe. Sanduku lilikuwepo. Shuka ilikuwepo, imekunjwa vizuri, imegeuka kahawia. Mgomba haukuwepo. Mtu mzima yule alianguka kwenye udongo akaanza kuomboleza, safari hii kwa ukweli, na mimi nikamwacha hapo. Huyo Simiyu mwenye damu, aliyezaliwa na mama, hakuna anayejua yuko wapi mpaka leo. Hakuna aliyemtafuta.

Viganja vya Naliaka viligeuka kahawia na havikutakata. Tulijaribu ndimu, magadi, mafuta ya taa. Sasa ni mke wa mwalimu huko Bungoma mjini, ana watoto, na akikupa chai utaviona. Miaka miwili hakunisemesha.

Basi wewe mwenye binti, usidanganywe na pua wala treni. Mchumba akija, mpe kiti. Asipoketi, mfukuze. Na ninyi mnaozika migomba kwa sababu ya mashamba, jueni hili: kitu mkikipa jina la mtu, kitataka suruali, kisha kitataka mke, na hakitakuja kwenu kumtafuta. Kitakuja kwa wajukuu wa watu.

Krismasi iliyopita Naliaka alikuja kunisaidia. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, yeye anaosha vyombo. Akasimama, akatazama viganja vyake.

"Kukhu," akasema, "tuseme alitaka tu kuwa mtu. Akirudi leo, asimame hapo mlangoni, akuombe mshono mmoja. Kwa ajili yangu mimi. Hungemshonea?"

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Mlango ulikuwa wazi na ua ulikuwa mtupu, lakini nilisema kwa nguvu, kama kuna mtu amesimama nyuma ya ukuta naye asikie:

"Vua, uniletee mkononi. Mwilini sishoni."