Kitambaa Ambacho Fundi Hakikati

Jirani yangu, fundi cherehani, hakati kitambaa kabla hajaomba. Huchomeka chaki nyuma ya sikio, hulaza viganja juu ya kitambaa na kufumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Halafu hukata moja kwa moja, bila kusita. Siku zote natamani kujua huwa anasikia nini. Ila kile cheupe, cha gauni la harusi la bintiye, hukiombea kila asubuhi, kisha hukikunja na kukirudisha kabatini. Leo binti alichoka kusubiri.

“Baba, kwani Mungu bado hajakujibu kuhusu mchumba wangu?”

“Alishajibu, mwanangu. Amekubali.”

“Sasa unaomba nini tena?”

“Namwomba afikirie upya,” akasema, lakini leo hakukikunja kile cheupe; mkono wake ulikuwa ukipapasa meza kutafuta mkasi.